Mfupa Huu ni wa Nani? Tunahitaji Sheria Kabla ya Msiba

Huku kwetu mifupa inavunjika. Hilo halihitaji utafiti. Barabara inayotoka Rusumo, ikapita Benaco na Nyakahura mpaka Lusahunga, inabeba malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo usiku na mchana, na katikati ya malori hayo wapo vijana wetu wa bodaboda. Muulize mtu yeyote wa Kanazi, atakutajia ndugu au jirani anayetembea na chuma mguuni. Wengi wanapona. Kwa wachache mfupa unagoma kuunga, au kipande kimepotea kabisa, na hapo ndipo daktari anaanza kuzungumzia kupandikiza mfupa.

Leo nataka tuongelee mfupa huo unaopandikizwa, kwa sababu ni jambo la kisiasa kuliko linavyoonekana. Nchi yetu imeshaanza kuhamisha sehemu za mwili wa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, na baadaye ukaja upandikizaji wa uloto. Hizo ni hatua kubwa, na wataalamu wetu wanastahili pongezi hata kutoka kwetu sisi wa upinzani. Lakini Bunge halijatunga sheria mahsusi ya viungo na tishu za binadamu. Kwa maneno mepesi: mtu akipewa tishu yenye virusi, hakuna sheria moja unayoweza kuifungua ikakwambia nani alipaswa kupima nini, kumbukumbu ziko wapi, na nani anawajibika.

Mfupa wa kupandikizwa unatoka wapi?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kwenye nyonga. Kwa upande wa virusi hiyo ndiyo salama zaidi, maana huwezi kujiambukiza kitu ambacho tayari unacho. Shida yake ni kwamba unapata jeraha la pili na maumivu ya pili, na pengo likiwa kubwa mfupa wa nyonga hautoshi. Njia ya pili ni vitu vya kutengenezwa kiwandani vinavyojaza pengo. Ya tatu ni mfupa wa mtu mwingine: ama marehemu, ama mgonjwa aliye hai aliyebadilishiwa nyonga, ambaye kichwa cha mfupa wake wa paja kingetupwa. Mfupa wa namna hii huhifadhiwa kwenye benki ya mifupa, katika majokofu yenye baridi kali, au hukaushwa, ukafungwa kwenye pakiti na kusafirishwa nchi hadi nchi kama bidhaa nyingine.

Mjomba wangu alikaa karibu mwaka mzima na chuma mguuni bila mfupa kuunga. Katika hospitali moja kubwa, jina naliacha, daktari kijana alimweleza njia hizo tatu vizuri tu. Mjomba ni mkulima wa migomba na kahawa, aliishia darasa la saba. Akauliza, "Daktari, huo wa mtu mwingine, ni wa nani?"

"Mzee wangu, jina hatuwezi kulijua. Ila karatasi inasema umepimwa."

"Umepimwa nini? Na nani?"

Hapo pakawa kimya. Daktari hakuwa na kiburi wala hakuwa mzembe. Hakuwa na mahali pa kulitoa jibu, basi. Mjomba akachagua mfupa wa nyonga yake mwenyewe na sasa anatembea. Lakini maswali yake mawili yamebaki kichwani mwangu, na kila nikisoma sheria zetu nayatafutia jibu.

Karatasi ilisema hana

Maswali hayo yana historia. Mwaka 1988 taasisi ya CDC ya Marekani iliripoti mgonjwa aliyepata VVU kupitia mfupa aliopandikizwa mwaka 1984, kabla kipimo cha VVU hakijaanza kutumika. Unaweza kusema, sawa, hiyo ilikuwa kabla ya vipimo. Sikia basi ya pili.

Oktoba 1985, huko Virginia, kijana mmoja alifariki kwa kupigwa risasi. Viungo na tishu zake vikatolewa kusaidia wengine. Alipimwa VVU kwa kipimo kilichokuwepo wakati huo, na majibu yakasema hana. Viungo na vipande 58 vikagawanywa katika hospitali mbalimbali. Ukweli ulijulikana mwaka 1991, miaka karibu 6 baadaye. Wachunguzi waliwatambua wapokeaji 48, na 41 wakapimwa. Wote wanne waliopewa viungo kama figo walikuwa wameambukizwa. Na wote watatu waliopewa mfupa uliogandishwa tu, bila kusafishwa wala kutibiwa, nao walikuwa wameambukizwa. Wengine 34 hawakuwa na virusi, na wengi wao walikuwa wamepewa mfupa uliotibiwa kwa spiriti.

Ilikuwaje? Yule kijana alikuwa ameambukizwa muda mfupi kabla ya kufa. Kipimo cha siku zile kilitafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza baada ya kirusi kuingia. Askari hao huchukua wiki kadhaa kutokea kwa VVU, na kwa homa ya ini aina C wanaweza kuchukua miezi miwili au zaidi. Wataalamu wanakiita kipindi cha dirisha. Kirusi kipo ndani, kipimo kinasema hakipo. Na baridi ya jokofu haiui kirusi, inakihifadhi.

Jambo kama hilo lilijirudia Oregon. Mchangiaji alifariki mwaka 2000, kipimo cha kingamwili za homa ya ini aina C kikasema hana. Tishu na viungo vyake vilikwenda kwa watu 40, na 8 wakaambukizwa. Kilichogundua tatizo mwaka 2002 ni damu yake iliyokuwa imehifadhiwa, ilipopimwa upya kwa kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Waliopewa mfupa uliopigwa mionzi hawakuambukizwa.

Sasa tuwe wakweli, maana sipendi siasa za kutisha watu. Leo hatari ya kupata kirusi kwa mfupa wa kuchangiwa ni ndogo sana, pale penye mfumo. Mfumo maana yake ni maswali ya kina kuhusu afya na maisha ya mchangiaji, kipimo cha kingamwili pamoja na kile cha vinasaba, na kama mchangiaji yuko hai na kipimo cha vinasaba hakipo, mfupa wake unawekwa pembeni miezi 6 kisha anapimwa tena. Uloto unaoshwa wote. Mfupa unatibiwa kwa dawa au mionzi. Na kila kipande kina namba inayokipeleka kutoka kwa mchangiaji mpaka kwa mgonjwa, ili kukitokea tatizo watu watafutwe. Ondoa hayo yote, ubakishe jokofu na nia njema, halafu uone.

Kwa nini mtu wa Kagera alie kwa sauti

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983, na ilikuwa hapa hapa Kagera. Sisi vijana tulizaliwa baadaye, lakini tumekulia katika nyumba zilizolelewa na bibi kwa sababu kizazi cha katikati kilikwenda. Mkoa huu ulijifunza kwa machozi maana ya kirusi kinachopita kimya kimya huku ofisi zikisubiri.

Kisha Marburg. Machi 2023 ilitangazwa Bukoba Vijijini: wagonjwa 9, vifo 6. Januari 2025 ikawa zamu ya majirani zetu wa Biharamulo. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushuku mlipuko. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zote za washukiwa hazina virusi. Tarehe 20 Januari Rais akasimama Dodoma, pembeni yake Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, akathibitisha kwamba Marburg ipo. Mpaka mlipuko unatangazwa kuisha tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote walikufa.

Inawezekana kabisa sampuli zile za mwanzo kweli hazikuwa na kitu. Vipimo ndivyo vilivyo. Lakini angalia somo lake: "hana" ya leo si "hana" ya kesho. Serikali inayolijua hilo inasema "tunaendelea kupima, chukueni tahadhari hizi." Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Haijasema taarifa njema peke yake.

Sisemi Marburg imewahi kuambukizwa kwa mfupa wa kupandikizwa. Nakumbusha tu ilivyofika duniani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg, Frankfurt na Belgrade waliugua baada ya kushika damu na tishu za tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda, nchi jirani na mkoa wetu. Watu 31 waliugua, 7 wakafa, na ugonjwa ukapewa jina la mji wa Wajerumani. Tishu ilisafiri na kirusi kikasafiri nacho. Kwa hiyo swali la mjomba, kwamba hiki kitu kimetoka kwa nani na wapi, linatuhusu sisi wa ukanda huu kuliko watu wengi. Wakati wowote tunaweza kuwa wapokeaji, au wachangiaji.

Sheria tulizonazo zinaishia wapi

Nimezipekua. Nitaeleza kwa lugha ya kawaida.

Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008, kifungu cha 15, inaweka msingi kwamba mtu hapimwi VVU bila ridhaa yake. Kisha inatoa mambo machache ambayo ridhaa haihitajiki, mojawapo likiwa ni mtu anayetoa viungo au tishu za mwili. Vizuri. Bunge la 2008 liliona hatari hii. Lakini hiyo ni sheria ya VVU. Homa ya ini B na C, ambazo zinapita njia hiyo hiyo, haziko kwenye meza yake. Na kifungu hicho kinaruhusu kupima tu. Suala la kipindi cha dirisha, kupima tena baada ya miezi 6, kusafisha mfupa au kutunza rejista, hukuti humo.

Kwa upande wa damu angalau tuna Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na damu inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiitwa kuchangia damu nenda, usije ukanisingizia mimi. Ninachouliza ni hivi: kama chupa ya damu ina mpango wa taifa, kwa nini kipande cha mfupa kisiwe nao?

Sasa chukua mfano wa kufikirika. Binti wa Kanazi anapandikizwa mfupa wa mtu mwingine leo. Miaka 4 baadaye, akiwa mjamzito, anapimwa kliniki na kukutwa na homa ya ini B. Anakuja kwangu, tuseme nimeshakuwa wakili. Nitamwambia nini?

Nitamwambia kwanza kwamba Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara yasiyotokana na mkataba. Kumbuka wale wa Virginia walijulikana baada ya miaka karibu 6. Wakili hodari atabishana kwamba saa ianze kuhesabiwa siku mgonjwa alipogundua, na labda jaji atamsikiliza. Labda. Pili, kama hospitali ni ya serikali, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Tatu, na hapa ndipo kesi inapofia, Sheria ya Ushahidi inasema anayedai ndiye athibitishe. Atathibitishaje kwamba virusi vilitoka kwenye mfupa, na havikutoka kwa mume, kwa wembe wa saluni au kwa mama yake wakati wa kuzaliwa? Anahitaji namba ya kipande kile, jina la aliyekitoa, majibu ya vipimo vyake, na majibu ya wagonjwa wengine waliopewa vipande vya mchangiaji huyo huyo. Bila sheria inayolazimisha kumbukumbu hizo ziwepo na zitunzwe, anahitaji muujiza. Na upande wa pili watamuuliza mbele ya watu ameshalala na wanaume wangapi.

Ibara ya 14 ya Katiba inazungumzia haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha kutoka katika jamii, kwa mujibu wa sheria. Maneno hayo ya mwisho tunayapita haraka tunaposoma. Sheria ikikosekana, hifadhi inabaki karatasini.

Najua watakavyotujibu

Watasema: benki za mifupa tunazo ngapi hata mpige kelele? Jibu langu ni kwamba huu ndio wakati mzuri. Sheria inayotungwa kabla ya biashara kukua inaweka njia. Inayotungwa baada yake inakuta watu wenye pesa wameshajipangia njia zao, nayo inaishia kuwabembeleza. Na mfupa wa pakiti hausubiri tujenge benki yetu, unapita mpakani.

Watasema: sheria itawatisha madaktari. Mimi naona kinyume. Yule daktari kijana aliyekosa jibu kwa mjomba angelindwa na sheria. Angesema, "Mzee wangu, rejista ya taifa inaonyesha hivi," akaendelea na kazi. Leo akipatwa na tatizo anabaki peke yake mbele ya ndugu wenye hasira.

Watasema: sheria peke yake haitoshi. Hapo wana hoja. Kenya ina sehemu nzima ya viungo na tishu katika Sheria ya Afya ya 2017, na bado Aprili 2025 serikali yao ililazimika kusimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali binafsi moja ya Eldoret kutokana na tuhuma za biashara ya viungo. Lakini walikuwa na sheria ya kusimamishia. Uganda nao walitunga sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, yenye baraza lake la kusimamia. Sisi, tuliotangulia mbele katika mambo mengi ya ukanda huu, tunasubiri nini? Bunge ambalo tangu 2020 limejaa wabunge wa CCM haliwezi kusingizia kwamba wapinzani wamelikwamisha.

Tunachodai

Kwanza, muswada wa sheria ya viungo na tishu za binadamu upelekwe bungeni, na wananchi tupewe muda wa kutosha wa kutoa maoni, kwa Kiswahili. Muswada wa siku mbili kwa Kiingereza hatutaki.

Pili, sheria iweke vipimo vya lazima kwa kila mchangiaji: VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, pamoja na kipimo cha vinasaba vya kirusi. Pasipo na kipimo hicho, mfupa wa mchangiaji aliye hai usiguswe mpaka apimwe tena baada ya miezi 6. Na mchangiaji aulizwe historia ya milipuko ya maeneo aliyoishi.

Tatu, iwepo rejista ya taifa inayofuatilia kila kipande, wa ndani na wa kuagizwa, na kumbukumbu zitunzwe miongo, siyo miaka. Siri ya mchangiaji ilindwe, lakini mgonjwa ajue alichopewa.

Nne, ukomo wa muda uanze kuhesabiwa siku mgonjwa alipogundua, na hospitali isiyo na kumbukumbu ndiyo ibebe mzigo wa kuthibitisha.

Tano, uwepo mfuko wa fidia usiosubiri kesi iishe. Mtu wa Kanazi hana nauli ya kwenda na kurudi mahakamani Bukoba miaka mitano.

Kwa vijana wenzangu wa kata zote, kuanzia Kanazi mpaka Nyakahura: wagombea watakapokuja kuomba kura, wataongelea barabara, na ni haki waongelee barabara. Wakimaliza, nyoosha mkono. Waulize watafanya nini kuhusu sheria ya tishu. Wakikwambia hilo ni jambo la madaktari, waeleze kwamba daktari tulishamuuliza na hakuwa na jibu, kwa sababu jibu liko bungeni. Na ukiwa hospitali wewe mwenyewe, au umempeleka mzazi wako, uliza kwa heshima kama alivyouliza mjomba: ni wa nani, umepimwa nini, na nani. Omba jibu liandikwe kwenye faili. Una haki hiyo hata kabla sheria haijaja, na maswali hayo yakiulizwa katika kila wodi kuanzia Ngara mpaka Biharamulo, sheria itakuja haraka zaidi.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mzaliwa wa Kanazi, Ngara.